Kipimo cha mama yake bibi

Jumatatu iliyopita binti yangu alirudi skuli na karatasi mkononi, uso umemjaa furaha. Kuna siku ya utamaduni, na yeye amechaguliwa awe mwana wa kiungwana. Atatembezwa chini ya shiraa kutoka langoni mpaka jukwaani, na wasichana wanne wa darasa lake watashika miti. Karatasi yenyewe ilikuwa yangu mimi: kwa kuwa ni fundi cherehani, na hapa mtaani kwetu, Langoni, kila mzazi anajua ninapokaa, naombwa niishone hiyo shiraa. Kitambaa watatoa wao.

Nilikubali palepale. Mtoto amesimama mlangoni, hata viatu hajavua, ningemwambia nini? Lakini usiku ule usingizi ulinipaa, na asubuhi nilipanda juu nikafungua kasha la bibi.

Kwa msomaji asiye wa Amu, yaani Lamu, nieleze kwanza. Shiraa ilikuwa kama hema la kitambaa lililosimamishwa kwa miti, na mwanamke wa nyumba kubwa akatembea ndani yake asionekane hata ukucha. Neno lenyewe kwa Kiarabu ni tanga la chombo, na ukiifikiria ikipita njia nyembamba za mtaa wa Mkomani usiku, kitambaa kimejaa upepo wa kusi, utaona kwa nini iliitwa hivyo. Wanawake wa nyumba za mawe hawakutoka mchana. Jirani wa karibu walimwendea kwa juu, kupitia wikio, kile chumba kinachovuka njia kikaunga nyumba na nyumba. Pasipokuwa na wikio, walingoja giza na shiraa. Na shiraa haijishiki yenyewe. Miti yake ilishikwa na vijakazi.

Mama yake bibi yangu alikuwa mmoja wa walioishika.

Jambo hili kwetu lilisemwa mara moja tu, mimi nikiwa na miaka kama kumi na tisa, siku nilipopata cherehani yangu ya kwanza. Bibi, Mungu amrehemu, alikuwa ameketi kwenye mkeka akinitazama napitisha uzi. Akasema, pasipo kuulizwa: "Mamangu alikuwa mfupi. Mti wa shiraa ulimshinda, akenda kwa ncha za vidole ndia nzima." Nikamuuliza shiraa ya nani. Akataja nyumba, ambayo siitaji hapa kwa kuwa wajukuu zao ni jirani zetu na tunazikana. Kisha akasema, "Nyinyi yeo mwavaa mtakavyo," akarudi kwenye kuchambua mchele wake.

Hakuna picha ya mama yake bibi. Amekufa kabla sijazaliwa. Mwaka wake wa kuzaliwa hakuna aliyeuandika, ila wakati utumwa unafutwa kisheria katika pwani hii, mwaka 1907, alikuwa msichana ambaye hajavunja ungo. Nataka tuliangalie hilo vizuri. Himaya ya Waingereza ilitangazwa hapa mwaka 1895. Kwa hiyo miaka 12 mizima, bendera zao zinapepea na wakuu wao wa wilaya wanaandika barua, mtoto yule alikuwa bado ni mali ya mtu, na sheria yao ikilijua hilo. Na ilipokuja ile sheria ya 1907, fidia waliandikiwa waliomiliki watumwa. Aliyemilikiwa hakuandikiwa hata kipande cha kaniki.

Nasema kaniki kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu kabisa kwenye kasha, imefungwa fundo ndani ya mfuko wa bafta. Wengi wenu mmeisikia kwenye nyimbo na misemo tu. Ni kitambaa cha pamba kilichotiwa nili mpaka kikakaribia weusi, kikitoka Bara Hindi. Kipya kilitoka rangi: shingo, kwapa, hata matiti ya mama anayenyonyesha yalikuwa na doa la buluu. Pamoja na merikani, ndiyo nguo ya mtumwa na maskini. Merikani ilipata jina kwa wafanyabiashara wa Salem, kule Marekani, waliokuwa wakiileta pwani yetu tangu miaka ya 1830. Vita vyao wenyewe kwa wenyewe vilipozuka 1861 biashara ikayumba, viwanda vya Uingereza na Bombay vikaingia, lakini jina likabaki. Mpaka leo mteja mzee akiniletea kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi atakwambia ni merikani, kiwe kimetoka wapi.

Sasa, kaniki ilivaliwaje? Kwa kijakazi, ilifungwa chini ya kwapa, mabega nje, kichwa wazi. Hapo ndipo penye uzito. Kichwa wazi lilikuwa ni agizo, hawakuchagua wao. Kujifunika kulikuwa haki ya mwungwana. Viatu pia. Mwanamume mtumwa hakuvaa kofia mbele ya bwana wake, wala hakupita na makubadhi. Mji mzima ulisomeka kwa nguo: ukimwona mtu anatokea mwisho wa Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, unajua umwamkie vipi kabla hujamwona uso.

Ndani ya kasha mna jozi ya mitawanda. Ni vile viatu vya mbao vyenye kigingi cha kushikwa kwa vidole viwili, vilivyokuwa vikivaliwa ndani ya nyumba na kwenda chooni. Hivi ni vidogo, kama vya mtoto, na kigingi cha mguu wa kulia kimebadilishwa, mbao yake ina rangi nyingine. Bibi alisema mamake alivinunua kwa pesa za kwanza alizopata kwa kusuka mikeka, kabla hajanunua kitu kingine chochote, kabla ya sufuria. Na alikuwa akivivaa kwenye sakafu ya udongo ya kibanda cha makuti, mahali ambapo havilii kabisa. Mitawanda inataka sakafu ya chokaa ndipo iseme ko, ko, ko, kama aliyokuwa akiisikia utotoni juu ya dari ikipita na yeye yuko chini na miguu mitupu. Nilipovishika asubuhi ile nilikaa chini kabisa.

Watu hupenda kusema nguo zetu hizi tulizo nazo ni za tangu na tangu. Si kweli. Ukikaa na kuhesabu, sehemu kubwa ya tunachokiita vazi la Mswahili kilipata sura yake katika miaka ile ile Mzungu yuko hapa, na waliokipa sura hiyo, kwa kiasi kikubwa, ni watu wa chini waliokuwa wanatafuta kujisitiri. Chukua leso. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi, vya kuchapwa, vinavyouzwa vimeungana kwenye jora. Leso ni neno la Wareno hilo, maana yake kitambaa kama hicho. Wakakata vipande sita, vitatu kwa vitatu, wakaviunga kwa sindano wakapata nguo moja pana ya kujifunga. Wenye maduka wakaona. Wakaanza kuagiza kitambaa kizima chenye pindo pande zote nne na mji, yaani uwanja wa katikati, kisichohitaji kuungwa. Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, mtu wa Kutch, alifungua biashara yake mwaka 1887, na mpaka leo ukigeuza pindo la leso zao utaona "Mali ya Abdulla". Zilichapwa Uholanzi, zikachapwa Manchester, baadaye India na Japani. Kiwanda cha Ulaya kikawa kinangoja kusikia wanawake wa Mombasa, Unguja na Amu mwezi huu wanataka nini. Fikiria hilo. Mwanamke ambaye juzi hana haki ya kufunika kichwa, leo akikataa ua fulani bidhaa inaozea ghalani.

Hapa Amu leso zilikuja kwa jahazi kutoka Mombasa na Unguja, zikauzwa kwenye maduka ya Wahindi njia kuu. Bibi alisema chombo kikitia nanga, habari ya leso mpya ilifika majumbani kabla ya mzigo kushuka. Zilinunuliwa doti, vipande viwili, kimoja cha kiunoni na kimoja cha kichwani na mabegani. Kipande cha tatu hakuna, ukipoteza kimoja umepoteza doti, na ugomvi mwingi wa ndugu katika miji hii ulianza na leso iliyoazimwa moja.

Leso ya zamani kuliko zote kwenye kasha imeandikwa jina lake kwa herufi za Kiarabu: Subira huvuta heri. Maandishi yamefifia lakini yasomeka. Bibi alikuwa akiyasoma bila shida, maana alikwenda chuoni, chuo cha Kurani, na Kiswahili alikiandika kwa herufi hizo hizo, barua zake zote. Kisha, yeye akiwa msichana, majina ya leso yakaanza kugeuzwa, yakaandikwa kwa herufi za Kizungu. Bibi akawa anavaa maneno asiyoweza kuyasoma. Mwanamke aliyekuwa akisoma Kurani, akisoma tenzi, akijiandikia hesabu za mikeka, kwenye karatasi za serikali alihesabiwa hajui kusoma wala kuandika. Baba yangu alipoanza skuli ndiye aliyekuwa akimsomea leso. Alisimama pembeni ya mama yake dukani, kijana wa miaka minane, akasoma polepole herufi kwa herufi, na mwenye duka akingoja. Baba aliwahi kunambia kuwa mara moja aliona haya jina la leso, akalisoma uongo, na mama yake akainunua akaivaa harusini. Nilimuuliza ilikuwa imeandikwa nini, hakunijibu hata siku moja.

Chini ya leso kuna buibui.

Mimi nashona mabuibui ya leo, hizi abaya za mikono mipana na shanga, wateja wananiletea picha kwenye simu. Buibui la zamani ni kitu kingine kabisa. Ni kitambaa cheusi kimeshonwa kama gunia lisilo na mdomo wala kitako, upana wa kutosha watu wawili, lina kamba upande wa juu. Unaingia ndani, unaifunga kamba kisogoni, kitambaa kinashuka kutoka kichwani mpaka nyayo, na kile kinachozidi unakikusanya kwa mikono chini ya kidevu. Halina kifungo, halina mkono, halina mahali pa kutia kidole. Lakaa juu ya mwili kwa kushikwa tu.

Mtindo huu ulitufikia kutoka Arabuni mwanzoni mwa karne ya 20, wakati uleule shiraa zinakosa wa kuzishika. Mambo mawili hayo yalikwenda pamoja. Wake wa nyumba kubwa, vijakazi walipoondoka, walibaki na hema lisilosimama, wakatafuta stara ambayo mtu anaweza kuibeba peke yake. Na wale waliokuwa wakishika miti wakatafuta kitu hicho hicho kwa sababu nyingine: walitaka nao kusitirika. Kwa hiyo likatokea jambo ambalo waheshimiwa wa mji huu hawakulipenda hata kidogo. Wote wakawa weusi. Njiani wakipita watatu, mwenye nyumba ya mawe, mke wa mvuvi na mzalia wa jana, aliyezaliwa utumwani, hujui nani ni nani mpaka aseme. Wapo waliosema heshima imekwisha. Mimi naona ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kugawanywa.

Wasomaji wangu wengine, hasa walio nje, huniandikia kwamba buibui ni kifungo. Nawaheshimu, kila mtu na alikotoka. Ila mimi ninapolishika hili la kasha siwezi kusema hivyo. Huyu mwanamke alikatazwa kujifunika. Alipopata uwezo alikwenda njia kuu, akaingia duka la Mhindi kwa mlango wa mbele, akapimiwa kitambaa cheusi kwa mkono, akalipa mwenyewe. Bibi alisema alilishona kwa usiku kadhaa kwa kibatari, na siku aliyolivaa alitoka mchana.

Wanaume nao nisiwasahau, ingawa kwao kasha lina vitu vichache, maana nguo za wanaume wetu huvaliwa mpaka ziwe matambara ya kufutia chombo. Babu mkuu, mume wa huyu mama yake bibi, alikuwa baharia. Kikoi kazini, kikoi nyumbani. Kanzu aliipata Riyadha, msikiti na chuo cha hapa hapa Amu. Habib Saleh, aliyekuja Amu kutoka Ngazija, alifungua mlango wa elimu kwa watu ambao hawakuwa na nafasi kwenye darasa za waungwana, na hapa Langoni vizazi vya watumwa vikakaa kwenye mkeka mmoja na masharifu. Babu mkuu alikwenda kwa Maulidi akiwa kijana, na tangu siku hiyo akawa na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa na kofia. Kanzu ile ilitiwa buluu kila wiki, ikapigwa wanga wa mchele, ikafukizwa udi. Haikuwa na darizi shingoni, darizi ilikuwa ghali.

Kofia yake tunayo. Ni kofia ya vito, kazi ya Amu hasa, ile inayotobolewa tundu ndogo ndogo na kila tundu ikazungushiwa uzi mweupe kwa sindano mpaka ua zima litokee. Kofia moja hula miezi. Hii naijua imeshonwa na watu wawili: upande mmoja uzi umekazwa, tundu zimekaa kama punje za mtama, upande wa pili mkono umelegea kidogo. Bibi alisema alianza mamake, yeye akamalizia, kwa kuwa macho ya mamake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Ukiichukua ukaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, unaona mpaka pale mmoja alipoacha na mwingine akashika.

Babu, mume wa bibi, yeye alikuwa mtu wa skuli, na kwake ukoloni ulikuwa ni suruali. Asubuhi chuoni na kanzu na kofia, kisha nyumbani mbio, kanzu inavuliwa, kaptula ya kaki inavaliwa, skuli. Kaptula ilimwonesha magoti. Baba yake alikuwa akigeuza uso ukutani mtoto akipita. Alipokuja kuwa karani alivaa kanzu na koti la Kizungu juu yake, na tarbushi, kama walivyofanya wengi wa kizazi chake, na hapo hata baba yake alimtazama. Nimeona picha moja tu ya babu wa siku hizo, koti limembana kwapa, fundi aliyelikata alipaswa kutoa inchi moja zaidi.

Vita Vikuu vya Pili viliwakuta bibi na babu wanachumbiana. Meli zilikuwa na kazi nyingine, nguo ziliadimika, na zilizofika zilikuwa ghali mno. Ukichanganya na njaa ya 1943 ndiyo utaelewa kwa nini harusi yao haielezwi kwa nderemo. Kisutu ya bibi, ile leso nyekundu, nyeusi na nyeupe ya bibi harusi, iliazimwa nyumba ya pili, ya kichwani ikaazimwa nyumba ya tatu, na ya kufungiwa chini ikatolewa na mtu ambaye mwenyewe alibaki ndani siku mbili kwa kukosa ya kutokea. Baada ya fungate zikafuliwa, zikarudishwa zimekunjwa, kila moja na vijiua vya asumini ndani. Bibi alikuwa akiwataja wale wanawake watatu katika dua zake mpaka mwisho wa maisha yake. Udi ulikuwepo, alisema. Udi haukukosekana hata mwaka ule, maana chetezo kilipitishwa nyumba hadi nyumba na makaa ni yaleyale.

Buibui la mamake lilikuwa halijapata umri wa kupumzika, likatiwa viraka. Nimevihesabu: ni saba. Vinne vya mkono, vitatu vya cherehani, kimoja kati ya hivyo ni cha kaniki. Yaani alichukua ile nguo aliyokuwa akifungwa nayo chini ya kwapa akakata kipande, akakishonea kwa ndani, upande usioonekana, palipochanika nyonga ya kushoto.

Baada ya siku tatu nikamwita binti yangu chumbani. Nilikuwa nimeishona shiraa tayari, kitambaa chao kizuri, cheupe chenye mstari mwekundu. Nikamwonesha na kaniki. Nikamweleza, kwa maneno ya mtoto wa miaka kumi na miwili lakini sikumficha kitu. Alinyamaza sana. Kisha akauliza, "Mama, alikuwa na miaka mingapi?" Nikamwambia, kama wewe, pengine pungufu. Akauliza je, yule wa ndani alikuwa akijua jina lake? Swali hilo sikuwa nimejiuliza miaka yote hiyo. Nikamwambia bila shaka alilijua, wamelala nyumba moja. Akasema hilo ni baya zaidi.

Mjomba wangu, nilipompigia simu, hakupendezwa. "Mwanangu, kasha lina kufuli kwa sababu," akaniambia. "Watu wameoana, mambo yamepita, wewe unataka kuyafufua kwa ajili ya tamasha la watoto?" Namheshimu mjomba, na nilimsikiliza mpaka mwisho. Lakini shiraa inafufuliwa tayari, mimi sikuianza. Kila mara ikitolewa kwenye sherehe za mji huu watu hupiga picha, wakasema tazama uzuri, tazama heshima ya mwanamke wa zamani. Uzuri upo, sikatai, mimi ndiye niliyeupiga pasi. Ila wanne walio nje wanahesabiwa pamoja na miti. Nilikwenda kwa mwalimu nikamwomba dakika tano kabla ya wale watoto kutembea, nisimame niseme miti ile ilishikwa na nani na walivaa nini. Mwalimu alifikiri, akatazama mlango, akasema wazazi wengine huenda wakaona haya. Kisha akasema, "Haya, dada, dakika tano." Nimeziandika. Binti yangu bado hajasema kama atakuwa ndani au nje, na mimi simlazimishi.

Jana usiku, wote wamelala, nikalitandaza buibui kwenye meza ya kukatia. Nilitaka kulikunja vizuri tu. Lakini mkono wa fundi hauna utulivu, nikaona kwenye ukingo wa mbele, mahali ambapo kitambaa hukusanywa chini ya uso, pana sehemu imelika. Si kuchanika, ni kulika, nyuzi zimelainika na kuwa kama ulimi, upana wa vidole vitatu. Nikaitazama muda. Ndipo nikakumbuka wazee wetu walivyokuwa wakitembea na mzigo: mikono yote miwili ikiwa na kazi, buibui hulishika kwa meno. Alikuwa akiuza mikeka. Alikwenda nayo kichwani, mikono juu, na buibui ameliuma.

Nikaleta futi. Kutoka kwenye kamba mpaka alipokuwa akiuma, inchi 8. Nikafumua upindo wa chini, alikuwa ameupinda mara tatu maana duka lilimkatia kirefu, nikaona alama ya mpindo aliouvaa miaka mingi. Kutoka kamba mpaka hapo, inchi 56. Mitawanda, inchi 8 na nusu. Kwa kofia siwezi kujua kichwa chake, kofia ilikuwa ya mumewe.

Kazi hii nimeifanya miaka mingi, nipe vipimo nikupe mtu. Alikuwa mfupi kweli, bibi hakusema uongo. Binti yangu angemzidi kwa vidole viwili. Shingo fupi, nyayo nyembamba. Alibebea upande wa kushoto zaidi, ndiyo maana kiraka cha kaniki kipo pale.

Nikafungua daftari la wateja, ukurasa mpya baada ya bi harusi wa Jumamosi, nikaviandika vyote kwa kalamu kama ninavyoandika vya mtu mwingine yeyote, na juu nikaandika jina lake kamili. Kisha nikaurudisha upindo kwa bandi ya mkono, kwenye mstari wake uleule.